Mkono Uliojibu Swali Moja

Wauguzi walimpachika jina la Kiganja, na likamganda mpaka hata binti yake wa kumzaa akipiga simu wodini huuliza, "Kiganja yupo?" Kazi yenyewe haikuwa na cheo cha kuringia. Alikuwa mhudumu wa wodi ya wanawake: kutandika, kupiga deki, kumwaga mikojo, kuwageuza wagonjwa wasioweza kujigeuza, na kila asubuhi kufungua madirisha ya juu kwa fimbo yenye ndoano, kwa sababu kamba zake zilikatika zamani na kila aliyeambiwa aziunge alisema atakuja kesho. Alikuwa mnene kiasi, mwendo wa taratibu, na kicheko chake kilifika wodini kabla yake.

Ila palikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya. Mgonjwa akifikia pale ambapo daktari anapita kitandani kwake bila kusimama, Kiganja huvuta kiti akakaa naye. Mkono wake mwenyewe huuweka chini, umelala chali juu ya shuka, halafu anaulaza mkono wa mgonjwa juu yake.

"Ukimshika kwa juu umemfunga," aliwaambia wanafunzi wa uuguzi. "Mwache yeye ndiye akushike. Akitaka kwenda, aende zake."

Wale ambao ulimi ulishakuwa mzito alikuwa na njia ya kuwasikiliza. Aliinama sikioni, taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto, akauliza, "Unamtaka mama?" Vidole vikibana, basi, amekwisha kujua. Anainuka, anamwambia sista mkuu, "Anamtaka mama yake," na simu inapigwa. Karibu wote walimtaka mama. Hata vikongwe wenye vitukuu, ambao mama zao walishakuwa udongo, walibana jina hilo hilo, na hapo wodi nzima ilinyamaza, kwa maana watu waliamini mama amekuja kumchukua mwanawe na pengine amesimama pale pale karibu na stendi ya dripu. Muuguzi mmoja kijana aliwahi kuisogeza stendi ile pembeni kidogo, apite mtu. Hakuna aliyemcheka.

Basi asubuhi moja aliletwa msusi.

Kiganja alimjua tangu akiwa kibinti cha kuchezea vifuniko vya chupa. Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja, na mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Msusi tangu binti alipofungua saluni, alikuwa shoga yake wa kuazimana chumvi na kusemana. Msusi aliingia amebebwa mikononi na mumewe, fundi wa friji, shati la mume limelowa damu kifuani mpaka mkandani. Alisema amemkuta mkewe chumba cha nyuma cha saluni, sakafuni, kichwa kimepasuka. Alipoambiwa amlaze, hakuweza kuikunjua mikono. Wauguzi walimbandua kama nguo iliyokaukia kambani.

Daktari alimpima msusi, akamulika macho kwa kurunzi ndogo, akaizima. Akapita kwenda kitanda kingine.

Kiganja akavuta kiti.

Afande alikuja jua limekwisha panda, kofia mkononi, kalamu sikioni. "Anaongea?"

"Haongei," sista mkuu akamjibu.

"Nimechelewa basi. Wanasema walisikika wakigombana na mumewe jana jioni. Alitaka kuihamishia saluni mji mwingine, mume hataki. Neno lake moja tu lingetosha."

Hapo ndipo Kiganja alipofungua mdomo. Hakuna aliyemwuliza. Alifungua kwa sababu mkono wa msusi ulikuwa juu ya mkono wake, una joto, na kwa sababu kazi ile aliijua na aliipenda. "Afande, anaweza kujibu kwa mkono. Hawa wangu hujibu."

Afande alimtazama sista. Sista akainua mabega. "Ni kweli, huwa anawauliza. Hajawahi kukosea."

"Haya. Mwulize kama ni mumewe aliyempiga."

Kiganja aliinama. Nywele za msusi zilinuka mafuta ya nazi na kitu kingine cha chuma. "Mwanangu," akamnong'oneza, "ni mumeo? Mumeo ndiye aliyekupiga?"

Vidole vikafunga. Si kidogo. Vilifunga mpaka kucha zikaingia nyamani.

"Amebana," akasema Kiganja.

Afande aliandika, sista akatia sahihi kuwa ameshuhudia, na kabla kalamu haijarudi sikioni msusi alikuwa ameshaondoka. Vidole havikuachia. Ilibidi sista avifungue kimoja kimoja. Huko nje kwenye benchi fundi wa friji alikuwa bado amekunja mikono vile vile, kama amebeba mtu, walipomtia pingu.

*

Mtaani habari haikupiga hodi. "Amemtaja mumewe!" watu waliambizana bombani. "Kikulacho ki nguoni mwako!" Wengine walidai msusi aliketi kitandani akanyoosha kidole. Wengine walidai alisema, "Nimekusamehe, lakini ni wewe." Kiganja alijaribu kuwasahihisha mwanzoni, kisha akachoka. Ulimi hauna mfupa, na mtaa ule ulikuwa na ndimi nyingi.

Baada ya maziko Mama Msusi alikuja kwake mchana, ameshika mkoba kana kwamba anasafiri. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Nieleze tena, shoga yangu. Alibanaje?"

"Alibana, mwenzangu. Kwa nguvu."

"Hakuwa na maumivu?"

"Alikuwa ametulia."

"Nipe mkono."

Kiganja alimpa, akidhani anataka kushikwa. Mama Msusi hakutaka kushikwa. Aliugeuza mkono ule ukalala chali juu ya meza, akaulaza wake juu, akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka chai ikaota utando. Halafu akanong'ona, si kwa Kiganja, bali kwa meza: "Mama nipo. Umekula?"

Kiganja aliogopa kuutoa mkono na aliogopa kuubakiza.

Kesho yake akaja tena. Na keshokutwa. Ikawa ndiyo desturi. Kiganja akirudi kutoka kazini amechoka anamkuta mlangoni, mkoba magotini, hana haraka. Hakulia. Aliuliza tu maswali madogo madogo ya mama: kule ni baridi, yule mteja wa harusi amrudishie kitenge chake au la, ufunguo wa kabati uliuweka wapi. Halafu anasubiri. Mara nyingine Kiganja alihisi vidole vyake mwenyewe vinataka kukunjika, akavikaza vilale, maana alijua vikijikunja tu, mwenzake atachukua kuwa ni jibu. Na siku moja vilijikunja. Kidogo mno, kama mtu anayesinzia. Mama Msusi alifumbua macho, uso umemng'aa kama wa bibi harusi.

"Kabatini chini, eh? Nilijua tu."

Ufunguo aliukuta kule kule chini ya kabati. Hapo mtaa ukawa haushikiki.

Walianza kuja wengine. Mjane wa mtaa wa pili alitaka kujua kama mumewe amemsamehe. Kaka wawili waliogombania kiwanja cha baba walikuja pamoja, kila mmoja akimsukuma mwenzake atangulie. Kiganja aliwafukuza kwa ufagio na kwa mzaha: "Mimi si posta! Nendeni mkaulize makaburini, kule wana nafasi!" Walicheka, wakaondoka, lakini hawakumpa mkono kumuaga. Na alipokwenda dukani, muuza mkate aliyezoea kumwekea mkate mkononi aliuweka juu ya kaunta, akausukuma kwa kidole. Watoto waliokuwa wakimkimbilia wamshike mkono wavuke barabara walisimama upande wa pili wakisubiri apite. Mkono ulikuwa ni ule ule, una harufu ya sabuni ya kufulia. Lakini watu waliuona kama mlango ulioachwa wazi.

Kisha ikaja karatasi ya kuitwa mahakamani. Yeye ndiye shahidi mkubwa. Bila yeye, alisema mwendesha mashtaka, kesi haina miguu.

*

Wiki hizo hizo binti yake alijifungua, akaja kukaa kwa mama yake mpaka kitovu kianguke na nguvu zirudi. Mtoto wa kike, mwekundu, hasira tele, kichwa kimejaa nywele kama amevishwa kofia. Nyumba ikapata joto. Ukiingia unapokewa na harufu ya maziwa na vitambaa vilivyoanikwa juani, na hata Mama Msusi akija alinong'ona kwa heshima ya mtoto.

Alasiri moja binti alikuwa amejilaza, mtoto amelala ubavuni kwake, macho wazi yakitazama dari. Kiganja akamtia kidole kiganjani. Mtoto akakishika.

"Ona nguvu! Huyu atakuwa mpakia magunia," alisema Kiganja. "Haya mjukuu wangu, sema ukweli. Unampenda mama?"

Kidole kikabanwa.

"Ee, sawa. Na bibi je?"

Kikabanwa.

"Jamani mama, nawe," binti akacheka. "Mwulizie baba yake, tuone."

"Unampenda baba?" Kikabanwa. "Unampenda mwizi aliyetuibia sufuria?" Kikabanwa, tena kwa bidii. Binti alicheka mpaka akajishika tumbo. "Mama usinichekeshe, mshono! Mbona huyu anampenda kila mtu?"

"Unampenda fisi?" aliuliza Kiganja, na vile vidole vidogo, kila kimoja na ukucha wake mwembamba kama ganda la kitunguu, vikafunga.

Kiganja aliacha kucheka. Binti aliendelea peke yake kidogo.

"Mama? Nini?"

"Hajui kitu," alisema Kiganja polepole. "Ukimgusa, anashika. Basi."

"Si ndivyo walivyo wote? Hata usipomwuliza."

Kiganja alikichomoa kidole taratibu. Alikuwa akijiuliza jambo ambalo miaka yote ile wodini hakuwahi kujiuliza. Alikuwa akianza na mama. Siku zote alianza na mama, kwa sababu ndivyo moyo ulivyomtuma. Na vidole vikibana, alisimama hapo hapo akaenda kwa sista. Hakuwahi kutaja jina la pili.

*

Siku zile alikuwepo wodini bibi muuza mkaa. Hana ndugu, hana mgeni, hata jina lake liliandikwa kwa kubahatisha. Daktari alikuwa ameshaanza kupita kitandani kwake bila kusimama. Adhuhuri, jua limejaa madirishani, wagonjwa wengine wanakula, vijiko vinagonga sahani, Kiganja alivuta kiti akauweka mkono wake chini ya ule wa bibi, mweusi mikunjoni, mkaa uliokataa kutoka hata kwa sabuni.

Hakusema neno. Alisubiri tu, kimya.

Vidole vikabana.

Hapakuwa na swali. Hapakuwa na jina. Kiganja alitazama uso: mdomo wazi nusu, macho yamepinduka, pumzi inakuja ikiwa imechelewa. Akainama.

"Bibi, unamtaka mama?" Vikabana.

"Unamtaka mume?" Vikabana.

"Bibi, mimi ni meza?" Sauti yake mwenyewe ilimtisha. Vikabana. Kwa nguvu, mpaka kucha zikaingia, pale pale zilipoingia za msusi.

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa ameacha kula, kijiko hewani. "Kiganja, unamuuliza nini maskini?"

"Simwulizi kitu, mama. Kula."

Alikaa na bibi yule mpaka mwisho, kwa maana kuondoka asingeweza. Lakini hakuwahi kukaa na mtu akaogopa vile. Alikuwa ameshika mkono wa nani? Kwa miaka yote ile, wakati yeye akinong'ona na watu wakifuta machozi, kitandani palikuwa na mtu, au mwenyewe alishatoka zamani na kuuacha mkono nyuma yake ukishika chochote kilichopita, kama mwiba unavyoshika nguo? Na kama mtu hakuwemo, ni nani aliyekuwa akijibu?

Alimwendea sista mkuu stoo, akamweleza. Sista alikuwa akikunja mashuka. Aliendelea kukunja.

"Sikiliza, dada yangu. Mbele ya jaji utaulizwa alibana au hakubana. Alibana?"

"Alibana, sista."

"Basi sema alibana. Mengine usiyatie chumvi. Unafikiri yule mwanaume hakufanya?"

"Sijui."

"Mtaa mzima unajua."

"Mtaa mzima umejua kwangu mimi," alisema Kiganja.

Sista aliliweka shuka rafuni. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Na mama yake utamwambia nini?"

Hilo ndilo lilikuwa fundo lenyewe. Akisema alibana akaishia hapo, mwanaume mmoja atafungwa mpaka afe kwa neno ambalo huenda halikusemwa. Akisema yote, atamnyang'anya Mama Msusi kitu cha mwisho alichobakiwa nacho: kwamba mwanawe, kabla hajaenda, alisema.

Jioni ile Mama Msusi alikuwepo mlangoni, mkoba magotini. Kiganja alimpita, akaingia ndani, akaosha mikono mara mbili. Alipotoka alikaa kwenye kiti lakini mkono akauweka mapajani.

"Leo hapana, mwenzangu. Mkono unauma."

Mama Msusi aliutazama mkono ule kama mtu anayetazama mlango wa nyumba yake umefungwa kwa ndani.

"Nitasubiri upone," akasema.

*

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko Kiganja alivyodhani, na feni ya darini ilikuwa na bawa moja lililopinda, ikizunguka inachechemea. Fundi wa friji alikuwa amekonda. Alikaa ameuweka mkono mmoja juu ya mwingine magotini. Mama Msusi alikaa mstari wa mbele, amevaa gauni la kanisani la bintiye, limembana mabegani.

Mwendesha mashtaka alimwongoza Kiganja vizuri, kama anavyovushwa mtu kwenye matope. Alimshika marehemu mkono? Alimshika. Aliuliza kama ni mumewe? Aliuliza. Mkono ukabana? Ukabana.

"Kwa nguvu au kidogo?"

"Kwa nguvu, bwana. Alama ilikaa."

"Ahsante. Mheshimiwa, mtu anayekiona kifo hana sababu ya kudanganya. Ndiyo maana sheria inayapokea maneno yake ingawa hakula kiapo. Na ishara ya mkono ni neno pia."

Mama Msusi aliitikia kwa kichwa. Akamtabasamia Kiganja.

Wakili wa mshtakiwa aliinuka. Alikuwa kijana mwenye mafua, anajipangusa kila mara. "Mama, ulimtajia marehemu majina mangapi?"

"Moja."

"Nani alilichagua?"

"Afande."

"Na kama ungemtajia jingine?"

Kiganja alishika ukingo wa kizimba. Aliangalia mstari wa mbele, na akatamani asingeangalia. "Bwana, mimi nina jambo naomba niseme lote mara moja, kwa sababu nikilikata katikati sitaweza kulirudia."

Jaji, mwanamke wa makamo mwenye miwani kwenye mnyororo, aliinua kichwa. "Sema, mama. Taratibu, ninaandika."

Akasema. Alisema juu ya mjukuu na kidole. Watu wakacheka pale kwenye mwizi wa sufuria, na hata askari wa mlangoni alicheka. Alisema juu ya bibi muuza mkaa na meza, na hapo hakuna aliyecheka. Feni ilisikika ikichechemea. Alisema amewakalisha watu wengi na mama zao kwa sababu yeye ndiye aliyeanza na mama.

Mwendesha mashtaka alisimama, uso umekunjamana. "Mama, ngoja. Wewe umekaa na watu wanaokufa kuliko yeyote aliyemo humu. Umewahi kumwona mmoja wao akisema uongo?"

"Hapana, bwana. Hawasemi uongo," akajibu Kiganja. "Lakini huyu, sijui kama alisema."

Jaji hakushangaa. Aliandika, akauliza swali lake mwenyewe: "Baada ya kufariki, vidole viliachia?"

"Havikuachia, Mheshimiwa. Sista alivifungua."

Jaji akaandika hilo pia.

Hukumu ilisomwa siku nyingine, mvua inanyesha, watu wakanyamaza ili wasikie. Jaji alisema maneno ya anayekufa yana uzito, na mahakama inaweza kumhukumu mtu kwa hayo peke yake ikiridhika nayo. Lakini ni hatari, kwa sababu aliyeyasema hawezi kurudi kuulizwa zaidi. Ni lazima ijulikane kwamba aliyejibu alilielewa swali na kwamba jibu ni lake. Hapa palikuwa na swali moja, jina limetiwa sikioni na wengine, na mkono ambao hata shahidi aliyeushika hajui ulikuwa wa nani saa ile. Ukiutoa mkono huo, kinachobaki ni ugomvi wa jioni na shati la mtu aliyembeba mkewe. Hata akiwa na mashaka naye, alisema, mashaka hayafungi mtu.

Fundi wa friji alifunguliwa pingu. Hakushangilia. Alitazama milango miwili ya chumba kile kama hajui upi ni wa mahabusu na upi ni wa watu.

Nje, chini ya kibaraza, Mama Msusi alimsubiri Kiganja. Maji yalimwagika kutoka kwenye bati kama pazia nyuma yake.

"Kwa hiyo hakusema," alisema.

"Sijui, mwenzangu. Ningekuwa najua ningekwambia."

"Ungemwuliza, 'Ni afande?' angebana?"

"Nadhani angebana."

"Ungemwuliza, 'Ni mama yako huyu hapa amekuja?' angebana?"

Kiganja aliyageukia maji ya bati.

"Kila mtu unamwulizia mama yake," alisema Mama Msusi. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Hata bibi wa mkaa asiyejulikana katoka wapi. Mwanangu mimi alikuwa na swali moja tu limebaki, mkampa mwanaume."

Akafungua mwamvuli, akaingia kwenye mvua.

*

Fundi wa friji alirudi mtaani. Angekwenda wapi? Chumba chake cha kazi kilikuwa pale, mkabala na nyumba ya mama mkwe, barabara nyembamba katikati, na friji za watu zilikuwa zikimsubiri zimejaa vumbi. Alizipanga nje, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kazi. Wateja walirudi mmoja mmoja, kwa aibu, maana friji ikifa mtu haangalii sana. Walimletea kazi, walimsalimu, walimtania kidogo. Na kila aliyemkabidhi kitu alihakikisha vidole havigusani.

Kiganja sasa hakuwekewa mkate mkononi wala kwenye kaunta. Muuza mkate alimgeuzia mgongo mpaka aondoke. Wodini aliendelea kukaa na wanaoondoka, ila kimya. Jamaa wakimsihi, "Mwulize anamtaka nani," huwajibu, "Mwambieni nyinyi mnachotaka kumwambia. Msimwulize."

Kila asubuhi njia yake ya kazini ilipita katikati ya zile nyumba mbili.

"Shikamoo, mama," fundi wa friji humwamkia, bila kuinuka kwenye ndoo.

"Marahaba, mwanangu."

Na kila asubuhi alimtazama usoni, haraka, kama mtu anayechungulia kisimani. Alitafuta chochote: kope kucheza, mdomo kupinda, jicho kukwepa. Alichokiona ni uso wa mwanaume aliyelala vibaya. Kuna siku alikuwa na hakika kwamba hakufanya. Kuna siku alikuwa na hakika kwamba alifanya, na siku hizo alifika hospitali amechelewa.

Upande wa pili Mama Msusi alikuwa ameshatoa kiti chake nje. Hakuwa na kazi mikononi, hakusuka, hakuchambua mchele. Alikaa ameegemea ukuta, macho ng'ambo ya barabara, tangu fundi anapopindua ndoo mpaka anapoirudisha ndani. Watoto walizoea kumzunguka kama nguzo. Fundi akiinama, alimtazama. Fundi akicheka na mteja, alimtazama. Hakumtukana wala hakumtupia jiwe. Hakuwa na haraka. Alikuwa akisubiri siku ambayo mwanaume yule, bila kuulizwa na mtu, atafanya kitu kimoja kitakachomjibu.

Kiganja hakuwa amesikia sauti yake tangu siku ile ya mvua. Asubuhi moja alipiga moyo konde. Alivuka, akasimama mbele ya kile kiti, akamnyooshea mkono.

"Mwenzangu, umeamkaje?"

Mama Msusi hakuutazama mkono. Hakumtazama hata yeye. Aliinamisha shingo upande, macho yapite pembeni ya nguo yake, kule ng'ambo ambako nyundo ilikuwa imeanza kugonga bati.

"Sogea, dada," alisema kwa upole. "Unanizibia."